Aliyevuka Kamba

Msiniulize kwa nini nilinyamaza. Nitasema yote, na hilo nalo nitalisema, lakini niacheni nifike penyewe kwa miguu yangu.

Ulikuwa mwaka wa kipindupindu, mwaka wa nne tangu tuhamishiwe kijiji kipya. Kijiji chetu kilikuwa ndani kidogo ya barabara ya Misima, na mashamba yetu yalibaki kule tulikotoka, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ugonjwa ulipoingia, wanajeshi walikuja, wakafunga kamba ya katani kukatiza barabara, na koplo mmoja mwenye sauti nzito akatusomea amri mbele ya ofisi ya kijiji. Hakuna kutoka. Hakuna kuingia. Ikifika saa nane mchana kila mtu awe ndani kwake mpaka asubuhi. Atakayevuka kamba kuja ndani hatatoka tena mpaka karantini iishe. Atakayevuka kwenda nje, asimlaumu mtu.

Basi mashamba yakawa nje ya kamba, na mahindi yetu yakaliwa na nyani. Ndiyo maana tukawa tunaletewa chakula. Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, lori kutoka Korogwe lilisimama ng'ambo ya kamba. Wapakuzi walishusha magunia, wakayapanga chini ya kamba, kisha wakarudi nyuma hatua ishirini. Koplo akipuliza filimbi, ndipo sisi wanawake tuliochaguliwa tunasogea kuyachukua. Wao hawatugusi, sisi hatuwagusi.

Mmoja wa wapakuzi wale alikuwa Kasaine wangu.

Nasema wangu, ingawa baba yangu angenisikia angenitandika bakora. Kasaine alikuwa Mmasai wa nyika ya Handeni, morani, mrefu, mwembamba, mpole mpaka unamkasirikia. Ukame ulimaliza ng'ombe wa baba yake, akaenda Korogwe kubeba magunia. Tulijuana mnadani, mimi nauza vitunguu, yeye ananunua kitunguu kimoja kimoja ili arudi tena. Siku ya nne nilimwambia, "Kaka, kwani kwenu mnafuga vitunguu?" Akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Alikuja kwetu mara tatu na mjomba wake kuniposa. Mara zote tatu baba hakuwapa maji.

Kwetu mgeni, hata awe mgomvi wako, anapewa maji ya kunywa kabla ya neno lolote. Mposaji asiyetakiwa ndiye peke yake asiyepewa. Anakaa kwenye mkeka, anazungumza, anaondoka na koo kavu, na hapo ameshajibiwa. Mara ya tatu walipoondoka nilimfuata baba nyuma ya nyumba. Baba yangu, Mzee Kibwana, alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa maneno machache, na aliyasema yale machache bila kuinua macho.

"Baba, amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Si Mwislamu."

"Amesema atasoma. Amesema utamsomesha wewe mwenyewe."

"Zamda, ng'ombe za watu wale zimekula mahindi yangu miaka thelathini. Sasa wamekuja kuchukua na binti. Mwambie akatafute kwao."

"Na mimi nimwambie nini?"

"Wewe usimwambie kitu. Kuna baba yako."

Nililia siku mbili. Siku ya tatu mama, Mwantumu, akaniambia nioshe uso kwani kuni zimekwisha. Ndivyo mapenzi yetu yalivyokuwa ugonjwa ulipotukuta: yeye huku, mimi kule, baba katikati. Halafu na kamba nayo ikaja.

*

Hatua ishirini si mbali. Unamwona mtu vizuri, unaona kola ya shati imechanika, unaona amekosa usingizi. Lakini ukisema neno, wanasikia wote.

"Takwenya," alinisalimu Jumanne ile, salamu yao kwa wanawake.

"Iko," nikaitika.

Wenzangu wakachekea ndani ya khanga. Niliwaacha wacheke. Mwezi mzima hapakuwa na la kuchekesha.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama mzima. Amne amekonda."

"Na wewe?"

"Mimi si unaniona."

"Nakuona," alisema, na hakuondoa macho yake kwangu mpaka koplo alipokohoa.

Amne ni mdogo wangu wa mwisho, alikuwa na miaka sita. Asubuhi ile nilipomvika gauni lilimvuka mabega likaanguka chini, naye hakujali kuliokota. Nilikuwa nimeapa sitasema ya ndani mbele za watu, lakini nilipomkumbuka nikasema.

"Kasaine, watu hawali."

"Hawali nini?"

"Unga. Magunia yote mliyoleta yako stoo. Hakuna anayeugusa."

Akamtazama mwenzake Lekishon, Mmasai wa rika lake aliyepakua naye, kisha akanirudia mimi. "Kwa nini?"

Nikamweleza. Unga wenyewe ulikuwa wa njano, ule watu walioupa jina la Yanga. Ulipoletwa mara ya kwanza, shangazi yangu Mwaija, dada wa pekee wa baba, alikuja kwetu akasonga ugali wake, akala, akashushia maji, akarudi kwake anaimba. Kesho yake adhuhuri tukamzika. Alikuwa mtu wa kwanza kufa kijijini. Baba alirudi makaburini, akachukua unga wote uliokuwa ndani akaumwaga jalalani, na baada ya sala akawaambia wanaume waliokuwepo kwamba ugonjwa umo ndani ya magunia. Neno la baba halikuhitaji kurudiwa. Bwana afya alikuja na karatasi zake, akasema ni maji ya kisima, tuyachemshe, unga hauna neno. Watu wakamsikiliza kwa adabu, wakaendelea kula mizizi na majani ya kunde.

"Mwambie baba yako mimi naula," alisema Kasaine.

"Babangu haambiwi."

Koplo akapuliza filimbi. Tukabeba magunia tukayapeleka stoo juu ya mengine.

*

Ijumaa baba alikuja mwenyewe kwenye kamba. Alivaa kanzu nyeupe na kofia, bakora mkononi, na nusu ya kijiji nyuma yake, wanaume kwa wanawake. Mama alikuwemo, amembeba Amne mgongoni kwa sababu hakuweza tena kutembea. Lori lilikuwa limekwisha kufika.

"Afande," baba alisema, "rudisheni mzigo wenu."

"Mzee, hiki ni chakula," koplo akamjibu. "Watoto wenu wana njaa."

"Njaa naijua, nimeila kabla wewe hujazaliwa. Njaa humpa mtu nafasi ya kuaga. Huu unga haukumpa dada yangu nafasi hiyo."

Kasaine akasogea mbele, akasimama karibu na kamba kuliko alivyoruhusiwa.

"Shikamoo, mzee."

Baba hakuitika. Watu wakatazamana. Kunyima mtu marahaba mbele ya kadamnasi ni jambo kubwa.

"Shikamoo, baba," akarudia. "Unga huu naula mimi mwenyewe. Tunaula sote kule Korogwe."

"Nani hapa amewahi kukuona unakula?"

Hakuna aliyejibu. Hata mimi. Mwaka mzima wa kupendana sikuwahi kumwona akitafuna kitu, maana morani hali mbele ya wake za watu, na wala hali bila wenzake wa rika. Nilikuwa nikimtania kwamba nitaolewa na mtu asiye na meno. Baba aliyajua haya. Alikaa jirani nao maisha yake yote.

"Kimya," baba akasema. "Mnakula vyenu porini mmejificha, sisi mnatuletea haya, halafu tunaambiwa na nyie mnakula. Kama ni kweli, kula hapa. Mbele ya mke wangu na wake za hawa wote. Tuone."

Alisema hivyo akijua kwamba haiwezekani. Alikuwa anafunga mjadala na kumtukana kwa pamoja, na wanaume kadhaa walitabasamu. Niliona uso wa Kasaine ukibadilika rangi. Lekishon akasema neno moja kwa Kimaa, fupi na kali. Kasaine hakugeuka. Alikuwa anamtazama Amne, kichwa kimelala kwenye bega la mama, mdomo wazi.

Akainua kamba.

"Wewe," koplo akasema. "Ukivuka hurudi."

"Nimesikia, afande."

"Kazi yako?"

"Atapatikana mwingine."

Akainama akapita chini yake. Hatua ishirini zile nilizozipima kwa macho wiki nne, alizimaliza akawa mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Jamani, nilitaka kumshika mkono tu. Sikuthubutu.

"Nani atapika?" aliuliza.

"Mimi," nikasema, na sikumtazama baba.

Nilipika pale pale mbele ya ofisi, mawe matatu na sufuria ya mama. Maji niliyachemsha mpaka yakaruka ruka, nikayaacha yaendelee. Mwanamke mmoja akanung'unika, "Huyu anasonga ugali au anafua?" Nilisonga, nikaupua, nikaweka kwenye sahani na chumvi pembeni, kwani mboga hapakuwa.

Alikaa juu ya gunia. Mbele yake wanawake thelathini au arobaini, wake za watu wote, mama yangu mstari wa mbele. Akanawa mikono kwa maji yale yale ya moto. Akamega tonge. Mkono ukafika nusu ya njia ukasimama. Nilitaka kugeuza uso, kama mtu aliyemkuta mwenzake akioga. Kisha akala.

Alikula taratibu, tonge baada ya tonge, macho chini, mpaka sahani ikawa nyeupe. Hakuna aliyecheka. Wale waliotabasamu mwanzoni walikuwa wakitazama vidole vya miguu yao. Ng'ambo ya kamba Lekishon alitupa mgongo, akapanda lori, akakaa akitazama upande wa Korogwe.

Mama akamshusha Amne. "Zamda, mwanangu, umebakiza?"

"Upo, mama."

"Mpe huyu."

Amne alikula kwa mikono miwili. Baada yake wakaja watoto wengine, halafu mama zao wakaanza kukimbilia sufuria majumbani.

Baba alikuwa bado amesimama pale pale. Alimtazama Kasaine kwa muda mrefu, na mimi nilimtazama baba, kwa sababu maisha yangu yote yalikuwa kwenye uso ule. Alijua alichokitazama. Alijua kwamba kijana yule hatakaa tena na rika lake kama zamani, na kwamba yeye ndiye aliyemlazimisha. Akageuka, akaenda nyumbani. Nikadhani ndiyo basi.

Akarudi ameshika kata kwa mikono miwili, imejaa maji.

"Karibu maji, kijana," akasema.

Hapa ndipo penyewe.

Maji yale yalikuwa ya mtungi wake. Nyumbani mimi nilikuwa nikichemsha maji ya mama, ya Amne na yangu, kwa siri, baada ya baba kutoka. Baba alikuwa na mtungi wake kivulini, anaujaza mwenyewe kisimani, na alisema maji ya moto ni ya mgonjwa na ya kuoshea maiti, mtu mzima hunywa maji baridi. Mungu alikuwa amemsitiri mpaka siku ile. Nilijua. Bwana afya alisema mara mbili mbele yangu, nami nilimwamini.

Kasaine naye alijua, kwani Korogwe walifundishwa. Akaipokea kata, akanitazama mimi. Alikuwa ananiuliza. Ningetikisa kichwa tu, angepata namna, angesema ameshiba, angemwaga kwa bahati mbaya. Lakini nilikuwa nimeyasubiri maji yale mwaka mzima. Nilikuwa nimeyaota. Baba yangu, mbele ya kijiji kizima, anampa maji mtu wangu. Ningesema nini? Niseme yamwagwe?

Nikatabasamu.

Akanywa yote, akairudisha kata kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, baba."

"Marahaba," baba akajibu, ile aliyomnyima asubuhi.

Kwa hiyo mkiniuliza, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na furaha. Sina jibu jingine na sijawahi kulipata.

*

Walimpa stoo ya shule alale. Jumamosi asubuhi nilimpelekea uji, mlango wazi, mama amesimama uani anatuona.

"Lekishon atasema," nikamwambia.

"Aseme. Ameona."

"Kwenu watakufukuza?"

"Hawafukuzi. Watakula, mimi nitakaa pembeni." Akatabasamu kidogo. "Mtu unazoea."

"Umeacha yote hayo kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya Amne. Wewe ningekuiba tu."

Nilimpiga kwa ncha ya khanga. Mama akakohoa kule uani. Kasaine akanywa uji wake huku mimi namwangalia, na safari hii hakuinamisha macho, akanitazama mpaka akamaliza. Nikamwambia, "Kumbe meno unayo." Jumapili baba alimkuta akipanga magunia, akamsaidia gunia moja, wakazungumza habari za mvua. Mimi nilikuwa napepeta mbali, nimesahau kabisa ninapepeta nini.

Jumatatu saa saba na nusu mchana hakuwa ametoka nje tangu asubuhi. Nikaenda.

Nilijua kwa harufu kabla sijamwona. Alikuwa amelala kwenye pembe, amejikunja, macho yamezama, na ngozi ya mikono imesinyaa kama ya mtu aliyefua siku nzima.

"Funga mlango," akasema. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Tangu lini?"

"Alfajiri. Zamda, usiseme."

"Nisiseme nini? Unakufa."

"Wakijua naumwa hawatakula tena. Watasema ni unga. Subiri wazoee. Siku mbili tu."

"Huna siku mbili."

"Amne je?"

Nilimpa maji yaliyochemshwa na chumvi, akayatapika. Nikampa tena. Alinishika kidole kimoja, kidole tu, maana nguvu hakuwa nazo, na nikajiona mimi na tabasamu langu la Ijumaa, nikajichukia mno. Nilikitoa kidole changu polepole nikakimbia nyumbani.

Baba alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani, amefunga dirisha kwa ajili ya amri. Saa nane ilikuwa imeshagonga.

"Baba, Kasaine anaumwa."

Akanyanyua macho. Nilimwona akizeeka. "Unga," akasema. "Niliwaambia."

"Si unga, baba."

"Zamda."

"Unga amekula Amne. Unga tumekula sote siku nne. Kasaine amekunywa maji ya mtungi wako. Hakuna mwingine aliyekunywa ila wewe na yeye."

"Mimi mzima."

"Wewe Mungu amekusitiri. Shangazi hakumsitiri." Sikuweza kusimama tena. "Siku ile alipokula ugali, akaomba maji. Ulimpa wewe, baba. Kwa kata ile ile. Mimi nilikuwepo. Na Ijumaa nilikuwepo pia, nikajua, nikanyamaza. Tugawane."

Mama akaketi chini mlangoni. Midomo ya baba ilikuwa inacheza, nikadhani anasoma dua, nikasikia ni jina tu analosema. Mwaija. Mwaija.

Kisha akasimama, akavaa kanzu.

"Baba Zamda," mama akasema, "saa nane imepita. Watakupiga risasi."

"Wanipige."

Akautoa mtungi kivulini, akaubeba mikononi, akatoka nao katikati ya njia, jua kali, kijiji kizima kimefungwa milango. Akaanza nyumba ya kwanza. Alisema kwa sauti ile aliyofundishia watoto, neno moja moja.

"Mimi Kibwana. Dada yangu Mwaija nimemuua mimi, kwa maji haya. Unga hauna kosa. Kuleni unga. Maji chemsheni."

Akaenda nyumba ya pili, akasema hivyo hivyo. Nyumba ya tatu. Milango ikaanza kufunguka kidogo kidogo, macho yakatokea. Sijawahi kumwona baba akiomba radhi kwa mtu yeyote, na siku ile aliomba kwa mlango hata mlango. Nyumba ya saba mwanajeshi akapiga kelele kutoka kwenye kamba, "Simama hapo!"

Baba akauweka mtungi chini, akainua mikono.

"Nimesimama," akasema. "Leteni gari. Nina mgonjwa."

Koplo alikuja mbio, bunduki imeelekea chini. Nadhani alikuwa amekwisha kusikia yote. Hakumpiga, wala hakumkaripia. Aliagiza Landirova ije mpaka shule, na wanajeshi wawili waliojifunga vitambaa usoni wakamtoa Kasaine kwa blanketi. Alikuwa mwepesi. Alinitafuta kwa macho, alipomwona baba akajaribu kusema shikamoo, midomo ikafanya umbo bila sauti.

"Marahaba, mwanangu," baba akasema. "Nyamaza. Usijichoshe."

Koplo akatoa daftari. "Anapelekwa kambi ya wagonjwa, Korogwe. Sharti awe na ndugu mmoja wa kumwangalia. Ndugu tu. Na huyo naye anafungiwa huko huko mpaka daktari aseme." Akatutazama. "Ndugu yake nani hapa?"

Wote walijua hana ndugu ndani ya kamba, na wale wa nje huenda wasingemtaka tena. Nikafungua mdomo, nikaona sina neno la kujiita. Mchumba hakuwa mchumba. Alikuwa mtu aliyekataliwa mara tatu.

"Mke wake yupo," baba akasema.

Koplo akashangaa. "Ana mke hapa kijijini?"

"Huyu."

Akanionyesha mimi. Watu walikuwa wamejaa milangoni, amri au si amri, na kila mmoja wao alijua kwamba ni uongo. Walimjua mwalimu Kibwana aliyechapa watoto wao kwa uongo mdogo kuliko ule. Hakuna aliyekohoa. Mama akavua khanga yake ya juu, akanifunika mabega.

"Jina la mke?"

"Zamda Kibwana."

"Mgonjwa?"

"Kasaine."

"Kasaine nani, mzee? Baba yake anaitwa nani?"

Baba akafungua kinywa, akanyamaza. Mara tatu watu wale walikaa kwenye mkeka wetu, mara tatu wakajitaja wao na ukoo wao, na hakuwa amesikiliza hata jina moja. Akanigeukia. Sikuwahi kuyaona macho yake vile.

"Zamda," akaniuliza taratibu, "baba yake mkwe wangu anaitwa nani?"

"Sendeu, baba."

"Sendeu," akarudia. Kisha akamgeukia koplo, akasimama wima. "Kasaine Sendeu. Andika vizuri, kijana, lisipotee."

Koplo akaandika. Nikapanda garini nikaketi sakafuni, nikakiweka kichwa chake mapajani mwangu, na mwanajeshi mmoja akaifungua kamba tupite.